Mkataba na Joka: Mhadhara Kuhusu Viumbe wa Visasili na Maana Zao

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie viumbe wa visasili katika tamaduni mbalimbali za dunia na maana zao. Uwanja huu ni mpana mno, na mzungumzaji akiuingia bila dira huishia kutaja majina tu, joka hili na ndege yule na zimwi lile, hadi wasikilizaji wachoke. Kwa hiyo naomba niruhusiwe kutetea hoja moja. Nashikilia kwamba maana ya kiumbe wa kisasili haipatikani kwa kulikagua umbo lake, hata tukimhesabia pembe na magamba yote. Hupatikana tunapouliza ni nguvu gani ambayo watu fulani walilazimika kuishi nayo bila ya kuweza kuimiliki, na waliafikiana nayo vipi. Nyuma ya kila zimwi lililodumu vizazi na vizazi kuna mkataba, na mkataba una pande mbili.

Tuanzie Babeli. Mfalme Nebukadneza wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 605 hadi 562 KK, alijenga lango la mungu wa kike Ishtar kwa matofali yaliyong'arishwa kwa rangi ya buluu, na juu ya kuta zake zikapangwa safu za mafahali na safu za mnyama ambaye hakuna mchungaji aliyewahi kumfuga. Lango hilo, lililojengwa upya kwa matofali yaliyofukuliwa na mwanaakiolojia Mjerumani Robert Koldewey na wenzake kuanzia mwaka 1899, limo katika Jumba la Makumbusho la Pergamon mjini Berlin. Mtazame mnyama yule kwa karibu. Mwili wake ni mwembamba na umejaa magamba, miguu ya mbele ni ya simba, ya nyuma ina kucha za tai, shingo ni ndefu, kichwa ni cha nyoka mwenye pembe, na mkia unaishia kwa mwiba wa nge. Pamoja na silaha zote hizo, hamshambulii mtu yeyote. Anatembea kwa utulivu, kichwa juu, kama askari wa zamu.

Wababeli walimwita mushushu, na utenzi wao wa kuumbwa kwa ulimwengu unaeleza alikotoka. Tiamat, mama wa maji ya chumvi, alipokasirishwa na miungu vijana, aliwazaa majitu ya vita, na mushushu alikuwa mmoja wao. Marduk, mungu mlinzi wa mji wa Babeli, alimshinda Tiamat, akaupasua mwili wake vipande viwili, kimoja kikawa mbingu na kingine kikawa dunia. Mushushu hakutoweka pamoja na mama yake. Akawa mnyama wa Marduk mwenyewe, na ndiyo maana tunamkuta langoni mwa mji. Kwangu mimi hili ni jambo la ajabu kuliko umbo lake: Wababeli hawakuifuta hofu ya fujo ya mwanzo wa dunia, waliiajiri mlangoni. Walijua kwamba kilichowahi kuwatisha miungu kitawatisha pia maadui wa mji.

Nguvu iliyozaa viumbe wengi zaidi duniani, kwa maoni yangu, ni maji, na kiumbe aliyekabidhiwa maji mara nyingi ni nyoka. Watu hulisema jambo hili haraka, kisha wakahitimisha kwamba wanadamu wote wana ndoto moja. Tusiharakishe. Katika nyimbo za Rigveda za India ya kale, nyoka Vritra amejilaza mlimani akiyazuia maji yasishuke, mpaka mungu Indra anampiga kwa silaha yake ya radi, na maji yanatiririka kuelekea baharini yakilia kama ng'ombe. Nyoka huyo ni ukame wenyewe, na mvua inapatikana kwa kumuua. Nchini China, joka ndilo linaloleta mvua. Linakaa mitoni na mawinguni, na kuliua kungekuwa ni kujiua kwa njaa. Kote kuwili kuna nyoka na kuna maji, lakini mikataba inapingana.

Joka la China lilipewa hata cheo. Katika enzi za baadaye za kifalme, joka la kucha tano lilikuwa alama ya mfalme mkuu, na watu wa kawaida walikatazwa kulivaa. Lakini mwenye cheo huwajibika. Katika baadhi ya sehemu, ukame ulipozidi na sala zisijibiwe, watu walilitoa sanamu la mfalme wa majoka hekaluni na kuliweka juani, ili naye alionje joto wanaloonja wao. Asiyeujua mkataba atasema hiyo ni dharau kwa mungu. Aliyeujua ataona wananchi wanaomdai mtumishi wao mkubwa kazi aliyoahidi kuifanya.

Joka la Ulaya ya kaskazini lina tabia nyingine kabisa. Fafnir wa masimulizi ya Skandinavia hakuzaliwa joka. Alimuua baba yake kwa ajili ya dhahabu, akajilaza juu yake asimpe mtu, na hapo ndipo alipogeuka joka. Tukumbuke kwamba katika jamii zile chifu alisifiwa kwa kugawa pete na vito kwa wapiganaji wake, na mali iliyolala ilikuwa mali iliyokufa. Hapa hapana mvua wala mto. Nguvu inayohofiwa ni tamaa ya mtu ndani ya ukoo wake mwenyewe.

Mfano ninaotaka tukae nao zaidi ni wa mto Zambezi. Watonga wa bonde la Gwembe, katika kingo mbili ambazo leo ni za Zambia na Zimbabwe, humsimulia Nyaminyami, mwenye mwili wa nyoka na kichwa cha samaki, mkaazi wa korongo la Kariba. Huyu hakuwa zimwi la kutishia watoto. Yako masimulizi kwamba nyakati za njaa aliwaruhusu watu wakate nyama ya mwili wake wale, kisha akarudi majini. Watonga walilima kingo za mto, ambako maji ya mafuriko yakishuka huacha udongo wenye rutuba. Kwa hiyo mto uliowatisha ndio uliowalisha, na Nyaminyami alikuwa na sura zote mbili.

Mwaka 1955 ilianza kazi ya kujenga ukuta wa bwawa katika korongo hilo, wenye kimo cha mita 128, na watu wapatao 57,000 wakahamishwa kutoka bondeni. Ilisemwa kwamba Nyaminyami hatakubali ukuta umtenganishe na mkewe aliye upande wa pili. Mwaka 1957 mto ulifurika na kuharibu kazi, na mwaka 1958 ukafurika tena kwa kiasi ambacho wahandisi hawakukitazamia, ukazoa madaraja. Septemba ya mwaka huohuo, katika eneo la chifu Chipepo, wanakijiji waliokataa kuhama walikabiliana na polisi, na watu 8 wakauawa kwa risasi. Ukuta ulikamilika hata hivyo na kuzinduliwa mwaka 1960. Ziwa lilipojaa mwaka 1963, tetemeko lenye ukubwa uliozidi 6 likalitikisa bonde. Wanajiolojia walieleza kwamba uzito wa maji yaliyokusanywa uliyasukuma matabaka ya miamba yaliyo chini. Watonga walisema Nyaminyami bado anamtafuta mkewe.

Sioni sababu ya kutulazimisha tuchague moja kati ya maelezo hayo mawili, kwa sababu yanajibu maswali mawili tofauti. Jiolojia inaeleza ardhi ilitikisika kwa njia gani. Simulizi ya Watonga inauliza ni nani aliyeridhia. Chini ya maji ya ziwa lile yalibaki mashamba, makaburi ya mababu na malende, yaani mahali pa kuombea mvua, na hakuna hati ya fidia iliyokuwa na safu ya kuandikia hasara ya aina hiyo. Kisa cha mume aliyetenganishwa na mkewe kwa ukuta kiliibeba hasara hiyo yote, kwa sababu familia nyingi za Watonga wenyewe zilijikuta na jamaa ng'ambo ya maji ambayo hayavukiki tena kwa mtumbwi mdogo. Leo Nyaminyami anachongwa kwenye bakora zinazouzwa kwa watalii, na huelezwa kama laana ya mto. Naliona hilo kuwa ni dhuluma ndogo juu ya dhuluma kubwa. Aliyevunja mkataba hakuwa yeye.

Wako wasomi wanaopenda kutafuta mifupa nyuma ya kila zimwi, na kazi yao naiheshimu. Mjini Klagenfurt, Austria, kuna sanamu kubwa ya joka iliyochongwa mwishoni mwa karne ya 16, na kichwa chake kilifuata fuvu lililookotwa karibu na mji huo mwaka 1335. Fuvu hilo limetambuliwa kuwa la kifaru mwenye manyoya wa enzi ya barafu. Mwaka 1914 Othenio Abel, mtaalamu wa visukuku kutoka Austria, alipendekeza kwamba mafuvu ya tembo wadogo wa visiwa vya Mediterania, yenye tundu moja kubwa katikati kwa ajili ya mkonga, huenda ndiyo yaliyowapa Wagiriki wazo la majitu ya jicho moja. Ni dhana inayovutia. Lakini hata ikiwa sahihi, inatueleza jicho lilitoka wapi bila ya kutueleza kwa nini jitu lenyewe linawala wageni badala ya kuwakaribisha, na hilo ndilo lililowashtua wasikilizaji wa Kigiriki, waliomwona mgeni kuwa yuko chini ya ulinzi wa Zeus, mungu wao mkuu.

Farasi wa pembe moja anaonyesha vizuri zaidi jinsi chanzo cha kiumbe na kazi yake vinavyoweza kuachana. Takriban mwaka 400 KK, Ctesias, tabibu Mgiriki aliyetumikia ikulu ya Uajemi, aliandika kuhusu punda-mwitu wa India ambao vikombe vya pembe yao humkinga mnywaji na sumu. Karne nyingi baadaye, wafalme wa Ulaya walinunua kwa mali nyingi pembe ndefu nyeupe zilizosokoteka, wakiamini kwamba ndizo hizo. Mwaka 1638 Ole Worm, msomi wa Denmark, alieleza wazi kwamba pembe zile ni meno ya narwali, nyangumi wa bahari za kaskazini. Mtu angedhani mambo yangeishia hapo. Lakini kati ya mwaka 1662 na 1671 wafalme wa Denmark walitengenezewa kiti cha enzi kwa meno hayohayo, nacho kingali katika kasri la Rosenborg mjini Copenhagen. Mfalme wa zama zile alikuwa na majeshi ya kuwazuia maadui mipakani, ila hakuwa na jeshi la kumzuia mtu wa nyumbani anayemmiminia divai. Hofu hiyo haikuondolewa na kitabu cha Worm, kwa hiyo pembe iliendelea kuwa na kazi.

Kuna mikataba midogo pia, ya kila siku, na mimi naipenda hasa kwa sababu inahifadhi maisha ya watoto. Kappa wa Japani hukaa mitoni na kwenye madimbwi, ana ukubwa wa mtoto, na utosini ana kijishimo kilichojaa maji ambayo ndiyo nguvu zake. Humvuta majini anayesogea ovyo. Lakini kappa ana adabu isiyovunjika: ukimwinamia kwa heshima, naye lazima akuinamie, na akiinama maji humwagika na nguvu zikamwisha. Mtoto aliyesimuliwa hayo anajua kwamba mto unaua, na anajua pia kwamba anayeuendea kwa heshima ana njia ya kutoka. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Wajapani wa kando ya mito wangelielewa neno hilo bila kufafanuliwa. Kwa hiyo nashauri, tunapokusanya masimulizi kutoka kwa wazee, tusiridhike na sifa za mwili wa kiumbe. Tuulize anakaa wapi, anadai nini, anatoa nini, na ni kosa gani humkasirisha. Katika majibu hayo ndimo jamii ilimoandika sheria zake za maji, za misitu na za ujirani.

Mwisho, kwa wanaodhani kwamba mikataba hii imekwisha muda wake, nitataja kiumbe mmoja tu. Karatasi ya habari ya mwaka 1846, iliyochapwa kwa ubao na inayohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Kyoto, inasimulia kwamba katika bahari ya mkoa wa Higo, nchini Japani, ulionekana mwanga usiku baada ya usiku. Ofisa alipokwenda kutazama, alitokea kiumbe mwenye nywele ndefu, mdomo wa ndege na mwili wa magamba, akajitambulisha kuwa ni Amabie. Alitabiri miaka sita ya mavuno mema, na akaonya kuwa maradhi yataenea. Agizo lake lilikuwa fupi: nichoreni upesi, mwaonyeshe watu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofika, Wajapani wengi walimchora tena kwa wino, kwa uzi na kwa udongo, wakasambaza picha zake mitandaoni, na Wizara ya Afya ya nchi hiyo ikamweka kwenye bango la kuwahimiza vijana wazuie maambukizi. Amabie hakuahidi dawa, na wizara kwa wakati ule nayo haikuwa na chanjo ya kuahidi. Wote wawili walihitaji jambo moja, onyo liwafikie watu wengi kwa haraka, na kila aliyechora picha akaipitisha kwa mwenzake alikuwa ametimiza sehemu yake.

Nawashukuru kwa usikivu wenu, na niko tayari kupokea maswali.