Makato
Mazungumzo ya wakala wa pesa za simu na wanafunzi wa uhasibu, Morogoro

Asanteni, wanangu. Kaeni. Mwalimu wenu aliponiomba nije, nilimuuliza: nitawaambia nini watu wanaosomea uhasibu? Akasema, waambie unachokiona dirishani. Basi nitasema ninachokiona dirishani.

Mimi ni wakala. Nina kibanda karibu na stendi ya Msamvu tangu 2009, mwaka mmoja baada ya M-Pesa kuingia Tanzania. Nilianza na laini moja na floti, yaani mtaji wa kuhudumia wateja, ya shilingi laki tatu, pesa niliyopokea zamu yangu ilipofika kwenye mchezo wetu wa akina mama. Leo nina laini za mitandao yote, na kile kitabu kikubwa ambacho mteja anaandika jina, kiasi, na kutia saini. Vitabu vyangu vyote ninavyo, sijatupa hata kimoja. Mwezi wa ada unauona. Mwezi wa mavuno unauona. Hata mwaka ambao serikali imekosea hesabu unauona, na huo nitauelezea.

Niseme mapema ninachokiamini. Siasa ya pesa siku hizi inafanyika ndani ya ujumbe mfupi wa simu, kwenye ule mstari wa makato ambao wengi wetu hatuusomi. Nimekuja kuwaomba muusome.

Lakini tuanze na shilingi yenyewe. Shilingi ya Tanzania ilizaliwa tarehe 14 Juni 1966, siku ileile Benki Kuu ilipofunguliwa. Kabla ya hapo tulikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki, sisi na Kenya na Uganda. Marehemu baba yangu alikuwa karani katika kiwanda kimoja hapa mjini, na alikuwa akituambia kwamba alipoajiriwa pauni ya Uingereza ilikuwa shilingi 20 na dola ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Sisi watoto tulidhani anatupiga fiksi. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anasema kweli.

Mimi nimekua miaka ya themanini. Nimepanga foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la kaya nikiwa na daftari la shule mkononi, ili nisome nikisubiri. Baba alikuwa na pesa mfukoni, ila hazikuwa na cha kununua. Hilo liliniingia kichwani mapema sana: noti inaweza kuwa halali kabisa, ina saini na picha ya Rais, na bado isikupe kipande cha sabuni. Mwaka 1985 dola moja kwa bei ya serikali ilikuwa kama shilingi 17, na kila mtu alijua kwamba mtaani si hiyo. Mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani, na kufikia mwisho wa 1987 dola moja ilikuwa imepita shilingi 80. Mshahara wa baba ulibaki na tarakimu zilezile. Hakuna mtu aliyekuja nyumbani kumchukulia kitu. Asubuhi moja tu alikuta ana kidogo kuliko jana yake. Yale nayo yalikuwa makato, wanangu, ila hayakuwa na ujumbe.

Ndiyo maana naunga mkono kanuni zilizotoka Machi 2025, zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini. Nimesikia wanaozilalamikia. Mimi nasema mwenye nyumba wa Masaki, kule kwa matajiri wa Dar, anayetaka pango kwa dola anamwambia mpangaji wake, na anatuambia sisi sote, kwamba shilingi tunayolipwa yeye haiamini. Hilo ni jambo zito kumwambia mwenzako. Mwaka 2023, dola zilipoadimika, nilikuwa na mteja anayeagiza vipuri vya pikipiki, kila asubuhi anapita dirishani kuniuliza kama namjua mtu mwenye dola. Mimi wakala wa Msamvu ndiye aulizwe dola! Nilimwonea huruma sana. Lakini pia najua kwamba kanuni inaweza kumlazimisha mtu kuandika bei kwa shilingi. Haiwezi kumlazimisha aipende. Ataipenda akiona inatunza thamani yake kutoka ada ya Januari mpaka ada ya Julai.

Sasa nije kwenye simu.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wazee ni hili: pesa yangu iko wapi? Wanafikiri iko ndani ya simu, na simu ikianguka chooni imekwenda nayo. Ninyi mnaosoma uhasibu mnapaswa kuwa na jibu, kwa hiyo nitawapa langu. Kwa kila shilingi inayoonekana kwenye salio lako, lazima kuwe na shilingi ya kweli benki, kwenye akaunti ya amana. Kampuni ya simu haina ruhusa ya kuifanyia biashara zake. Hili liko kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Na pesa zile zikikaa benki zinazaa faida. Mwaka 2014 Tigo Pesa walianza kuwagawia wateja faida hiyo kila robo mwaka. Nakumbuka mama muuza ndizi alivyokuja mbio na simu yake, amepata shilingi mia sita na kitu, anadhani ametapeliwa kinyumenyume. Nilimsomea ujumbe mara mbili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona ujumbe wa simu ukimwongezea mtu.

Baada ya hapo nimeona zaidi jumbe za kukata.

Tarehe 15 Julai 2021. Hiyo siku iko kwenye kitabu changu, nimeipigia mstari mwekundu. Ndiyo siku tozo ya miamala ya simu ilipoanza, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kutegemea na kiasi. Hii ilikuwa juu ya ada ya kampuni. Aliyetuma alikatwa, aliyetoa alikatwa. Sisi Watanzania tuna ule utaratibu wa kusema "tuma na ya kutolea", kwa hiyo mtoto aliye Dar akimtumia mama yake wa Mgeta, alibeba makato ya pande zote mbili peke yake.

Asubuhi ile mteja wangu wa kwanza alikuwa fundi seremala. Alituma, akasoma ujumbe, akanitazama kama mimi ndiye niliyemwibia. Nilikaa siku nzima nikieleza jambo ambalo halikuwa langu. Mwisho wa wiki kitabu kilikuwa kimepungua karibu nusu. Nikitazama upande wa mabasi naona watu wanawapa makondakta bahasha. Bahasha! Jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa miaka kumi na zaidi. Pesa ya dawa ya mgonjwa inasafiri kwenye mfuko wa shati la kondakta mpaka Kilosa, kwa sababu kondakta anaomba elfu moja na simu inakata zaidi.

Serikali ilieleza kwamba tozo zinajenga madarasa na vituo vya afya. Mimi sipingi kodi. Nimejifungulia watoto wangu wawili kwenye zahanati isiyo na taa, najua kituo cha afya kina maana gani. Nilichokipinga, na ninakipinga mpaka leo, ni kukata pesa ambayo si mapato. Mtoto akimtumia mama yake elfu hamsini, pale hakuna aliyepata faida. Ile pesa ilishakatwa kodi kwenye mshahara, na itakatwa tena mama akinunua sukari. Kuikata njiani ni kumtoza mtu kwa sababu amemkumbuka mama yake.

Na watu walisema. Walisema redioni, walisema vijiweni, walisema kwa kuacha kutuma. Septemba ileile tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Naomba mlitie hilo akilini mtakapokuwa maofisini. Waliolalamika hawakuwa wataalamu wa uchumi. Walikuwa fundi seremala na wenzake, na walichokuwa nacho mkononi ni ujumbe uliowaonyesha wamekatwa kiasi gani. Walikiona, wakakikataa.

Linganisheni na jambo la pili la mwaka huohuo wa 2021, ambalo halikupigiwa kelele kiasi hicho. Kodi ya majengo iliingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Binti anakaa chumba kimoja Kihonda, hana hata mti wake pale uani, na kila mwezi analipa kodi ya nyumba ya mtu. Anaambiwa wapatane na mwenye nyumba, akate kwenye pango. Ninyi ni wapangaji wengi humu. Nani amewahi kumwambia mwenye nyumba wake hivyo na akakubaliwa? Nyoosheni mikono. Mnaona. Mtu ananunua umeme wa elfu tano, anapata tarakimu ishirini, anaziingiza kwenye mita, na akili yake yote iko kwenye tarakimu. Hasomi juu ameandikiwa nini. Ile ya miamala ilimkera kwa sababu aliiona. Hii ameizoea.

Nirudi kidogo kwenye kero za kila siku, maana nazo si ndogo. Mitandao ikiwa mizito tarehe za mishahara, menyu ya nyota, ile ya kupiga namba zenye nyota na reli, inakatika katikati. Mteja ameshaweka namba ya siri, hajui kama pesa imekwenda. Anarudia. Mara nyingine zinakwenda mbili. Kumrudishia inachukua siku, na siku hizo analala kwangu kwa lawama. Halafu kuna wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mnacheka, lakini mimi nimemshika mkono mzee aliyekuwa anataka kutuma laki mbili za mbolea kwa ujumbe wa namna hiyo, kwa sababu kweli alikuwa anadaiwa laki mbili za mbolea na alidhani ni mdai wake. Na kuna alama za vidole. Tulipotakiwa kusajili laini upya kwa vidole, mwisho ukiwa tarehe 20 Januari 2020, walikuja wakulima na mafundi ujenzi ambao vidole vyao vimelika. Mashine inakataa. Mtu ananawa, anajifuta kwenye shati, anarudia, inakataa. Mzee mmoja akaniuliza, mwanangu, mimi sipo? Sikuwa na la kumjibu.

Na siwezi kuzungumzia simu na siasa nikaruka Oktoba 2025. Siku ya uchaguzi, tarehe 29, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ilikaa hivyo kwa siku kadhaa. Siku zile zilikuwa na mazito kuliko pesa. Kuna familia zilizozika, na sitaki kuzipitia juujuu. Nasema la upande wangu tu: ukijenga nchi ambayo mtu analipa, anauza, anaagiza na anamtafuta ndugu yake kwa intaneti, halafu ukaizima, umefunga duka la kila mtu na hakuna atakayekulipa fidia. Menyu ya nyota haihitaji intaneti, tuishukuru kwa hilo. Msiisahau kwa sababu mna programu nzuri kwenye simu zenu.

Nina hadithi moja, kisha mniulize maswali.

Mwaka 2025 Benki Kuu iliondoa noti za zamani kwenye mzunguko, zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile noti ya mia tano ya 2010. Kuzibadilisha ilikuwa kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili. Mwisho wa Machi alikuja bibi mmoja wa jirani, amefunga fundo kwenye pindo la khanga. Anataka kuweka kwenye simu, mjukuu amemnunulia laini. Nikafungua fundo: noti za zamani tupu. Akiba ya mazishi yake. Hakuwa amesikia tangazo. Nilifunga kibanda, tukapanda bajaji mpaka benki, tukapanga foleni tangu saa tatu, na saa saba mchana alikuwa amepewa mpya, zote, shilingi 340,000. Alizishika akazinusa.

Tukarudi, nikamwekea kwenye laini yake. Ujumbe ulipoingia nikamsomea salio. Akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Mwanangu, hizi za kwenye simu nazo zitaisha lini?"

Nikamwambia, bibi, hizi hazina tarehe, ila laini isipotumika muda mrefu inafungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Pesa ipo, lakini utahangaika kuifuata. Akataka kujua muda mrefu ni siku ngapi. Nikamwambia asisubiri kuhesabu. Tangu hapo kila tarehe moja anakuja dirishani, ananunua vocha ya shilingi mia tano, ananipa simu nimwingizie, na kabla hajaondoka ananiambia nimsomee salio kwa sauti, pamoja na makato.

Haya, maswali. Wewe binti wa nyuma, anza.