Usikimbilie kuita auti

Haya, wa huko nyuma mnanisikia? Poa. Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku yangu ya kwanza kama ampaya, yaani refa wa besiboli, niliwekwa bezi ya kwanza, kile kituo mpigaji anakimbilia kwanza, mechi ya watoto tu, kijana akapiga mpira wa chini akatoka mbio, mpira ukamtangulia, na mimi mkono juu, AUTI, yaani ametoka! Kuangalia hivi, mpira unabingirika kwa vumbi, mwenye glavu hata hakuushika. Wazazi walicheka mpaka nikatamani kudandia matatu nirudi zangu, na hiyo ilikuwa ining ya pili, awamu ya pili tu ya mchezo.

Kwa hivyo kabla hujashika kitabu cha sheria, jifunze kunyamaza kidogo. Pale bezi ya kwanza macho yanaangalia mguu wa mkimbiaji ukikanyaga bezi, masikio yanangoja mpira ukiingia kwa glavu, paa! Ukisikia paa kabla ya mguu, huyo ameenda, ni auti, lakini bado ngoja uone kama mpira umekaa, ndio sasa ukunje ngumi.

Nyuma ya mdakaji, yule anayedaka mpira wa mrushaji, ndio kuna kazi bana. Pleti, ile bamba ya chini mpigaji anasimama kando yake, ina upana wa sentimita 43, hicho ni kama kiti chako kwa matatu, na kwa watu wazima mrushaji anarusha kutoka mita 18.44, akiutuma na kilomita 110 kwa saa una nusu sekunde na kitu hivi. Zoni, ile nafasi ya hewani juu ya pleti, inaanza chini kidogo ya goti inapanda hadi katikati ya bega na mkanda wa suruali, mpira ukipitia hata ukingo tu wa pleti ndani ya zoni ni straiki, inahesabiwa dhidi ya mpigaji. Sasa wengi mnajificha nyuma ya kichwa cha mdakaji, hapo utaona nini? Kaa kwa ule mwanya kati yake na mpigaji, chuchumaa, kichwa kitulie, macho ndio yafuate mpira.

Vifaa: maski, kinga ya kifua, ya miguu, na wanaume ile kinga ya huko chini, sitaki maswali. Suruali ya kijivu utapata Gikomba, watakuita prifekti lakini zoea. Na kile kibrashi cha kupangusa pleti, tafadhali, zunguka mbele uinamie ukiwa umeangalia mashabiki, usiwape makalio, kuna mama za watu hapo.

Kocha akija na makelele kuhusu sheria msikize. Akija kubishana straiki, sheria ya 8.02 inasema uamuzi wa macho yako ndio mwisho, kwa sababu ukimweleza moja utaeleza zote mpaka giza liingie. Infildi flai, ile sheria ya mpira unaopigwa juu karibu na bezi, tutaongea wiki ijayo, hiyo inataka chai na andazi.

Nani amebeba glavu? Wewe wa jampa nyekundu, njoo hapa mbele, hiki kiti ndio bezi. Mwenzako atakimbia kutoka kwa mlango. Wengine wote fumbeni macho mniambie ni nini kimefika kwanza, mguu ama mpira.