Mwezi Juu ya Tembe la Kwihara

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Baridi ya Tabora leo imeniingiza studio na sweta na khanga juu yake. Mimi Zuhura, Mzaramo niliyeletwa huku na ndoa.

MASANJA: Na mimi Masanja, mtani wake. Julai ndiyo hii, dada, vumilia.

ZUHURA: Mtani, kwanza nikuaibishe. Wewe Mnyamwezi, mwezi uko kwenye jina lako, halafu mwaka jana mwezi wenyewe ukakushinda kuupiga picha.

MASANJA: (anacheka) Jina mlitupa nyinyi watu wa pwani! Wazee wanasema mlikuwa mnauona mwezi mwandamo upande wa magharibi, na misafara yetu inatokea hukohuko, basi mkatuita hivyo. Lakini ni kweli, ulinishinda. Nilikwenda Kwihara, hapa nje ya Tabora, kwenye lile tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, alilokaa yule mpelelezi Livingstone, saa tatu usiku, mbalamwezi imetanda hadi unaona sisimizi. Nikapiga. Picha ikatoka na andazi jeupe kwenye giza totoro.

ZUHURA: Na nyumba?

MASANJA: Nyumba hakuna. Nikaongeza mwanga wa kamera, nyumba ikaonekana, mwezi ukawa kama taa ya lori.

ZUHURA: Kisa?

MASANJA: Mwezi unapigwa na jua, ujue. Ule ni mchana wa huko juu. Kamera inataka vipimo vya mchana: tundu la lenzi f/11, aiso, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, 100, na shata, yaani muda wa kuuingiza mwanga, 1/100 ya sekunde. Ukuta wa udongo usiku hauna hata chembe ya mwanga huo. Kwa hiyo huwezi kuvipata vyote viwili saa tatu usiku. Unavipata jua linapozama na mwezi unapochomoza, jioni ileile.

ZUHURA: Jioni ipi sasa?

MASANJA: Unayo kalenda ya msikitini ukutani? Angalia tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu, na moja kabla au baada yake. Halafu usilaze damu, huku kwetu giza linaingia haraka, una dakika 20 hivi tu za ule mwanga wa samawati.

ZUHURA: Unasimama wapi? Mimi ningesimama mlangoni.

MASANJA: Mlangoni mwezi utakuwa kama punje ya mtama! Sikiliza. Upana wa mwezi angani ni nusu digrii. Ukisimama mita 110 kutoka kwenye nyumba, mwezi unalingana na kitu cha upana wa mita 1 kilichowekwa juu ya paa. Rudi hadi mita 330, unakuwa mita 3. Safari ya pili mimi nilirudi nyuma hadi kwenye shamba la karanga lililokwishavunwa, na lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 300, nikielekea mashariki, kusini kidogo, maana mwezi mpevu wa Julai unachomoza huko.

ZUHURA: Ukafanikiwa.

MASANJA: Wapi! Nyika zinachomwa msimu huu, moshi umelala chini. Mwezi haukuonekana hadi ulipokwishapanda, mwekundu kama embe bivu, tayari uko juu mno ya paa. Na unapanda upana wake mzima kila dakika 2. Nikabeba stendi ya kamera nikaanza kutembea kuelekea nyumba. Kila nikisogea, ule ukingo wa paa bapa unapanda kuufuata mwezi. Nikasimama vilipogusana.

ZUHURA: Lakini mwezi ukawa mdogo.

MASANJA: Mdogo kidogo, sawa. Ila zile kuta za rangi ya damu ya mzee zilikuwa bado zimeshika mwanga. Nikamkumbuka Livingstone. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, aliondoka Machi 1872, yeye akabaki Kwihara akingoja wapagazi hadi Agosti. Kipupwe chote hicho!

ZUHURA: Angekuwa na kamera… Mimi picha ya mwezi mpevu imenichosha, kila mtu anayo. Mwezi mchanga je?

MASANJA: Huo ndio ninaoupenda zaidi, kusema kweli. Huku hausimami kama mundu wa kwenye picha za Ulaya, mara nyingi umelala chali kama mtumbwi. Siku ya pili baada ya kuandama, unasimama mashariki ya nyumba, unatazama magharibi, jua limezama. Na ule upande wa giza unauona kwa mbali, unaangazwa na mwanga unaorudi kutoka duniani kwetu.

ZUHURA: Mtumbwi juu ya tembe. Twende basi. Lakini tuombe ruhusa mapema kwa wahifadhi, ile ni makumbusho, jioni wanafunga.

MASANJA: Nitapiga simu kesho. Wewe njoo na stendi yangu uliyoiazima tangu Ramadhani.

ZUHURA: Stendi ipi?