Popo wa Mombasa Aliyeitwa Mwajemi

Assalaam aleikum wazee wangu, kina mama na vijana. Ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmekuja kumwona tu huyu mtu mzima anayekesha mapangoni.

Hapa Malindi anayemaliza maembe ni popo, anayening'inia darini ni popo, basi. Lakini Kenya ina aina zaidi ya 100, na hesabu haijafungwa.

Niwape mmoja. Magharibi ikiingia, mapango ya matumbawe kule Watamu hutoa popo mwenye kijingozi juu ya pua, kimesimama ncha tatu kama uma. Wengine rangi ya chungwa, wengine kijivu. Mwaka 1877 Mjerumani Wilhelm Peters alimweleza kutokana na popo wa Mombasa, akamwita Triaenops afer, yaani wa Afrika. Baadaye wataalamu wakamtia kundi moja na popo wa Uajemi, ndiyo Iran ya leo, Triaenops persicus, na mtu wa pwani akaishi miaka na miaka kwa jina la ugenini! Hadi 2009, mafuvu na jeni vilipolinganishwa, ndipo akarudishiwa lake. Ramani nayo ikachorwa upya. Sasa mtu akiziba pango letu kwa zege, asituambie wapo tele Iran.

Tunawajuaje? Wavu mdomoni mwa pango, kisha mfuko wa kitambaa. Ukimshika, moyo wake unaupiga kidole chako kama cherehani. Unapima mkono toka kiwiko hadi kifundo, unachukua kipande cha ngozi ya bawa kidogo kuliko punje ya mchele, unamwachia. Kitobo hujiziba chenyewe. Sauti tunainasa kwa mashine, maana sikio letu linaishia kilohezi 20, kipimo cha wembamba wa sauti, na wao wanalia juu ya hapo. Mara nyingine sura ni moja, mlio ni mbali. Hipposideros caffer, mdogo huyu wa mapangoni na magofuni, tangu 2008 jeni zinaonyesha jina lake limebeba nasaba kadhaa tofauti. Kuzitenganisha bado kazi. Mimi mwenyewe nikiwa naye mkononi siapi.

Haya, maswali. Naam, mzee wangu pale nyuma… Pango? Nyuma ya shamba lako, na popo wa rangi ya chungwa? Wallahi, mzee, leo usilale mapema. Nakuja na wavu.