Mguu Unauma: Kosa Liko Kiunoni au Kalioni?

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja. Nina ombi moja kabla sijaanza. Anayetaka kusimama na asimame, anayetaka kuegemea ukuta na aegemee, anayetaka kutembea huko nyuma ya ukumbi kisha arudi, ruksa. Maumivu tunayoyazungumzia leo huchochewa na kukaa, na itakuwa kichekesho nikiwafunga vitini saa nzima ili niwaambie kwamba kukaa sana ni kubaya.

Kazi yangu ni fiziotherapia. Wengi wanaonijia na maumivu ya mguu huwa wameshajipa jina la ugonjwa. Huyu atasema ana sayatika, yule atasema ni msuli wa pirifomisi, ule mdogo ulio ndani ya kalio, na wote wawili wameshaanza mazoezi waliyoyaona kwenye video. Mara nyingi ni zoezi lile lile. Hapo ndipo penye ugomvi wangu wa leo. Sayatika ni dalili tu kwamba neva kubwa ya mguu, yaani mshipa wa fahamu, inasumbuliwa mahali fulani. Usipojua ni mahali gani, zoezi linalompa nafuu mwenzako linaweza kukutonesha wewe.

Neva yenyewe ndiyo nene kuliko zote mwilini. Inapopita kalioni, upana wake unakaribia ule wa kidole gumba. Mizizi yake ni mitano: miwili hutokea sehemu ya chini ya kiuno, mitatu kwenye sakramu, ule mfupa wa pembetatu ulio nyuma ya fupanyonga. Ikishajikusanya, inapenya chini ya msuli wa pirifomisi, inateremka nyuma ya paja, na karibu na goti inagawanyika. Tawi moja huenda kwenye kigimbi na unyayo, jingine upande wa nje wa muundi hadi juu ya vidole. Ndiyo maana mtu anaweza kuumwa kidole cha mguu na kidole chenyewe hakina hatia. Ni kengele ya nyumba: kitufe kinabonyezwa getini, mlio unasikika chumbani, na fundi atakayeifungua kengele ya chumbani kutafuta kasoro atapoteza siku yake.

Madaktari wenyewe walichukua muda kuelewana. Mwaka 1764 Domenico Cotugno, daktari wa Naples, alitenganisha kwa maandishi maumivu ya neva hii na maumivu ya kiungo cha nyonga. Kabla ya hapo yote yalitiwa kapu moja. Mwaka 1928 daktari aitwaye Yeoman akaunyooshea kidole msuli wa pirifomisi. Miaka sita baadaye, 1934, madaktari Mixter na Barr wa Boston wakaonyesha kwamba diski iliyopasuka kati ya pingili za uti wa mgongo inaweza kubana mizizi ya neva, na tangu hapo diski ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ni haki yake. Kwa watu wengi wenye sayatika, chanzo ni diski. Maumivu ya pirifomisi yapo, nimeyaona, lakini ni ya wachache, na msuli huo husingiziwa mengi.

Tuanze basi na diski. Imekaa kati ya pingili na pingili; nje ni ngumu yenye nyuzinyuzi, ndani ni laini yenye maji mengi. Ile ya ndani ikitokeza nje, haibani mzizi wa neva tu, bali ina kemikali zinazousababishia mzizi huo uvimbe na joto. Kwa hiyo diski iliyotokeza kidogo inaweza kumlaza mtu, na iliyotokeza sana isimuume mtu kabisa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vipimo vya MRI vya watu 98 wasio na maumivu ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na diski iliyotuna angalau mahali pamoja. Ukipewa karatasi imeandikwa kwamba diski yako imetuna, usianze kuandika wosia. Picha hupata maana inapolingana na mwili: diski ya chini kabisa imetokeza kulia, na ganzi iko kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia. Hapo nakubali. Zisipolingana, picha hiyo huenda inaeleza umri wako kuliko maumivu yako.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wangu hawaliamini mpaka nilirudie. Kipande kilichotoka kabisa kwenye diski, kile kinachotisha zaidi kwenye picha, ndicho chenye nafasi kubwa zaidi ya kunywea chenyewe. Seli za kinga hukiona ni kigeni zikakila taratibu. Diski iliyotuna tu hubaki vile ilivyo mara nyingi zaidi.

Sasa tutofautishe. Maumivu ya diski kwa kawaida huteremka chini ya goti, tena kwa mstari unaoweza kuuchora kwa kidole. Ukikohoa au kupiga chafya, yanakupiga kama shoti ya umeme. Kuinama kufunga kamba za viatu ni adhabu, hasa asubuhi. Mtaalamu akikulaza chali na kuuinua mguu wako ukiwa umenyooka, maumivu huchomoza kabla mguu haujafika juu. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Lasègue, daktari Mfaransa, na mmoja wa walioanza kukieleza ni Lazarević, daktari wa Serbia, miaka ya 1880. Jaribuni nyumbani, mkiwa karibu na ukuta: tembea kwa visigino hatua chache, kisha kwa ncha za vidole. Ukishindwa visigino mguu mmoja, mzizi wa tano wa kiuno unalalamika. Ukishindwa ncha za vidole, ni wa kwanza wa sakramu. Udhaifu wa namna hiyo usiufiche. Maumivu huvumilika, msuli unaokufa ganzi haungoji.

Maumivu ya pirifomisi yana tabia nyingine. Msuli wenyewe unaanzia mbele ya sakramu na kujishika juu ya fupapaja, ndani kabisa ya kalio. Kazi yake ni kuugeuza mguu kwa nje. Anayesumbuliwa nao ataweka kidole katikati ya kalio aseme "hapa". Akikaa kitambo, hasa kwenye kiti kigumu, anaanza kuhamia kalio moja. Kupanda ngazi kunamuuma, kukunja nne kunamuuma, kukohoa hakumfanyi lolote. Ukilikunja goti lake ukalivuta kuelekea bega la upande wa pili, anaruka. Mgongo wake hauna neno. Takriban mtu mmoja kati ya sita ana neva, au sehemu yake, inayopita katikati ya msuli huo badala ya chini yake, na wengi wa hao hawaumwi chochote maisha yao yote. Basi umbile peke yake si hukumu. Na kwa kuwa hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha pirifomisi, mtaalamu makini hulitaja jina hilo baada ya kuondoa mengine, si kabla.

Kuna na wa tatu, nimpitie haraka: mzee ambaye miguu inamwaka akitembea na inapoa akikaa au akiinama mbele. Huyo huenda njia ya neva mgongoni mwake imekuwa nyembamba, na mengi nitakayosema hapa hayamhusu moja kwa moja. Amwone daktari.

Kabla ya tiba, jambo la kufa na kupona. Ukipata ganzi sehemu za siri au kwenye eneo linalogusa tandiko mtu anapokaa juu ya baiskeli. Mkojo ukikataa kutoka, au ukatoka bila wewe kujua. Haja kubwa vivyo hivyo. Miguu yote miwili ikilegea: nenda idara ya dharura sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Fungu la neva za chini linabanwa, na kuchelewa kunaweza kukuachia ulemavu wa kudumu. Watu hunyamaza kwa aibu. Mwambieni daktari kwa maneno ya wazi, yeye hatacheka. Vivyo hivyo wahi kuonwa kama una homa, unapungua uzito bila sababu, umewahi kuugua saratani, au maumivu yalianza baada ya kuanguka vibaya.

Naona wengi sasa mmesimama. Vizuri. Bakini hivyo hivyo.

Nafuu. Kwanza kitanda. Zamani mgonjwa wa sayatika aliambiwa alale kwa majuma. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi waligawa wagonjwa 183 mafungu mawili: hawa walale wiki mbili, wale waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila fungu walikuwa na nafuu. Kitanda hakikuongeza kitu. Siku moja au mbili za kulala pale maumivu yanapokuwa makali, sawa, hakuna atakayekulaumu. Zaidi ya hapo unadhoofisha misuli utakayoihitaji. Tembea kidogo kidogo, mara nyingi. Dakika kumi mara nne zinafaa kuliko dakika arobaini mfululizo zikifuatiwa na siku ya kuugulia.

Kwa wenye diski, kipimo changu kikuu ni hiki: angalia maumivu yanafika wapi. Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, aliliona jambo hili miaka ya 1950: harakati inayofaa huyarudisha maumivu juu, kutoka kwenye unyayo hadi kigimbini, kutoka kigimbini hadi pajani, mpaka yanabaki kiunoni. Kiuno kinaweza kuuma zaidi siku hizo. Usiogope, ni dalili njema. Harakati inayoyasukuma maumivu chini kuelekea kidoleni, hata kama wakati unaifanya unajisikia umenyooka vizuri, iache. Kwa wengi inayofaa ni kulala kifudifudi na kuinuka juu ya viwiko. Kwa wengine ni kinyume. Mguu wako ndio utakaosema.

Na sasa kosa ninaloliona kila mara. Mtu anahisi kukaza nyuma ya paja, anasema misuli imekakamaa, anaweka mguu juu ya meza na kuinama kwa nguvu zake zote. Mara nyingi kinachokaza pale ni neva iliyovimba, na neva haipendi kuvutwa. Anatoka hapo anachechemea, kesho anaongeza bidii. Neva hupenda kuteleza: kaa kitini, nyoosha goti taratibu huku ukiinua kichwa juu, kisha kunja goti huku ukiinamisha kichwa, mara kumi hivi, bila kufika kwenye maumivu. Zoezi linaonekana la kitoto. Nawasihi wenye haraka waliheshimu.

Asubuhi msiiname katika saa ya kwanza baada ya kuamka mkiweza. Diski hufyonza maji usiku zikajaa, ndiyo maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni, na zikiwa zimejaa hazipendi kukunjwa. Usiku lala ubavu na mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti.

Mwenye pirifomisi yeye ananyoosha, ruksa. Lala chali, weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, livute paja la chini kifuani, shikilia nusu dakika, rudia mara tatu. Unatakiwa kuhisi kuvutika ndani ya kalio. Ukihisi ganzi au shoti ikiteremka mguuni, punguza. Lakini kunyoosha peke yake hakumalizi kesi. Msuli huu mdogo mara nyingi huelemewa kwa sababu misuli mikubwa ya kalio imelegea, basi iimarishe hiyo: inua nyonga ukiwa umelala chali, inua mguu pembeni ukiwa umelala ubavu. Toa pochi mfuko wa nyuma. Mwaka 1978 jarida moja la madaktari wa Marekani lilieleza sayatika iliyotokana na pochi iliyojaa kadi, na dawa yake ilikuwa kuihamisha pochi. Ukikaa, inuka kila nusu saa. Mpira mdogo wa kukandia kalio una faida, ila msiukalie juu ya neva mpaka mguu ufe ganzi mkidhani ndiyo tiba inaingia.

Dawa nitazisema kwa ufupi, mimi si daktari. Ibuprofeni na ndugu zake, dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, husaidia kiasi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha aulize kwanza. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva ambayo wengi hupewa, ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa 209 wa sayatika, matokeo yakatoka 2017: haikushinda kidonge kisicho na dawa, na kizunguzungu kiliongezeka. Kama tayari unaitumia, usiikatize ghafla; zungumza na aliyekuandikia.

Kuna swali limeletwa kwenye karatasi: "Nimeambiwa nifanyiwe upasuaji, nikubali?" Nitajibu kwa upande wa diski tu. Uholanzi tena, 2007: wagonjwa 283 walioumwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa upasuaji mapema, nusu waendelee na tiba ya kawaida na kupasuliwa ikibidi. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi. Mwaka ulipoisha, asilimia 95 ya kila upande walijiona wamepona, ingawa karibu wanne kati ya kila kumi wa upande wa kusubiri walikuwa wamepasuliwa hatimaye. Kwa hiyo, ndugu uliyeandika, kama mguu haudhoofiki na mkojo hauna tatizo, huna bunduki kichwani. Muulize daktari wa upasuaji mambo mawili: je, picha inalingana na mahali ninapoumwa, na nikisubiri wiki sita nyingine nitapoteza nini? Akikujibu yote mawili kwa utulivu, utajua la kufanya. Karibuni kwa maswali mengine. Mwenye kipaza sauti ampe mama yule aliyesimama karibu na dirisha.