Kupanga miadi kwa Kiholanzi

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga kukutana na watu kwa Kiholanzi. Wengi wenu hapa Uholanzi mnasoma kwa ajili ya mtihani wa uraia, na tangu Januari 2022 sheria inawataka wageni wengi wafike kiwango cha B1, yaani lugha ya kiwango cha kati, kwa hiyo vitenzi mnavyo na sarufi mnayo. Kinachonisikitisha ni kwamba mtu anafaulu mtihani, kisha anakaa miaka mitatu kwenye mtaa bila kunywa chai kwa jirani hata mara moja. Ukimuuliza anasema, "Hawa watu hawakaribishi." Mimi nasema wanakaribisha. Mwaliko umepita mbele yake mara nyingi naye hakuutambua, kwa sababu ulikuja bila siku wala saa, na kazi ya kuutia siku na saa ilikuwa yake.

Tuanze na neno lenyewe. Miadi kwa Kiholanzi ni "afspraak", na kitenzi chake ni "afspreken". Humo ndani mnaona "spreken", yaani kusema. Hiyo "af" ya mbele mnaijua kutoka "afmaken", kumaliza kitu hadi kiishe. Basi mimi husikia "afspreken" kama kusema mpaka mwisho. Maneno hayajaisha mpaka siku, saa na mahali vimetajwa na wote wawili wameitikia. Kabla ya hapo hakuna kilichopangwa, hata kama mmeshikana mikono na kucheka pamoja.

Sasa jirani anakwambia ngazini, "Kom een keer langs!" Pita nyumbani siku moja. Kwetu, mtu akikwambia karibu nyumbani, Jumapili unabeba kilo ya sukari na kupiga hodi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa ukifanya hivyo, jirani atafungua mlango akiwa na kijiko mkononi na uso wa mtu aliyefumaniwa. Hakukudanganya. Alifungua mazungumzo, akangoja uyaendeleze. Jibu lake ni hili, lichukueni kama lilivyo: "Leuk! Wanneer kun je?" Vizuri, unaweza lini? Mtaona anatoa simu na kufungua agenda, yaani kalenda ya shughuli zake, au anasema, "Even in mijn agenda kijken." Ngoja nitazame agenda yangu. Huko kutazama agenda msikuone kuwa ni ubaridi. Mtu anayekutafutia nafasi kati ya kazi, mazoezi ya mtoto na mama yake mgonjwa amekuheshimu.

Na tazameni "Wanneer kun je?" ilivyo fupi. Haina kitenzi cha pili. "Ik kan zaterdag", naweza Jumamosi, inatosha, "zaterdag kan ik niet", Jumamosi siwezi, inatosha pia. Ukianza na siku, kitenzi kinakuja mara moja nyuma yake, kisha mtu: "Zaterdag kan ik", kamwe si "zaterdag ik kan". Kosa hilo litaeleweka, ila ukilizoea litakuganda ulimini. Ukitaka kupendekeza wewe: "Zullen we zaterdag afspreken?" Tukutane Jumamosi? Ukitaka kujua kama muda unamfaa: "Komt dat uit?" Ndugu zangu wa Kongo mlioko Antwerpen na Gent, kule Ubelgiji, huko mtasikia zaidi "Past dat voor u?", yaani inakufaa?, na hiyo "u", wewe, kwa Wabelgiji haina urasmi mwingi kama ya huku, kwa hiyo msidhani mmewekwa mbali.

Kwenye saa nitakaa kidogo, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja mzee aliniambia nije "half vier". Nikasikia nne, nikasikia nusu, nikafika saa kumi na nusu ya jioni. Alikuwa ameningoja saa nzima. Vikombe viwili vilikuwa mezani, keki imekatwa vipande viwili na kufunikwa na sahani, kahawa imepoa ndani ya chupa. Hakunifokea. Alisema tu "ik dacht dat je niet meer kwam", alidhani sitakuja tena, na sauti yake ninaisikia hadi leo.

"Half vier" ni saa tisa na nusu. Mholanzi anaitazama saa inayokuja, si iliyopita. Mkisema huu ni ugumu, mimi nawaambia Kiswahili kinafanya hivyo hivyo kila siku: tunasema saa kumi kasorobo wakati kumi haijafika. Isomeni "half vier" kama nne kasoro nusu, na kosa litakwisha. Halafu kuna "vijf voor half vier", dakika tano kabla ya hiyo nusu, na "tien over half vier", dakika kumi baada yake, yaani saa kumi kasoro dakika ishirini. Juu ya yote, sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza na wao tangu usiku wa manane, hivyo tofauti ya saa sita iko palepale. Msifanye hesabu zote mbili kichwani mkiwa kwenye simu. Andikeni tarakimu, 15.30, kisha mrudishe swali: "Dus half vier, vijftien uur dertig?" Hakuna atakayewacheka. Kuhakikisha saa ni adabu hapa.

Sikilizeni pia neno linalotangulia saa. "Om drie uur" ni saa tisa kamili. "Rond drie uur" au "een uur of drie" ni kama saa tisa hivi, kuna nafasi ya kupumua. Na saa yenyewe inawaambia mtakula nini. Ukiitwa saa nne asubuhi au saa mbili usiku, ni kahawa. Nyumba nyingi hula chakula cha jioni karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo ukiitwa saa kumi, jiandae kuaga mapema, isipokuwa usikie "Blijf je eten?", utabaki kula? Hapo kaa, umekaribishwa mezani.

Kukataa. Sisi tunasema inshallah, tunasema nitajitahidi, na msikilizaji wetu anaelewa. Mholanzi ukimwambia "ik zal het proberen", nitajaribu, anabaki hajui kama anunue keki. Sema "dan kan ik helaas niet", siku hiyo kwa bahati mbaya siwezi, halafu ongeza mara moja siku nyingine: "maar zondag wel", ila Jumapili naweza. Siku hiyo ya pili ndiyo inayobeba upendo wote. Ukikataa bila kuitaja, ataelewa kwamba hutaki, na atakuacha kwa heshima. Dharura ikitokea, kuna vitenzi viwili: "afzeggen" ni kufuta, "verzetten" ni kusogeza. "Kunnen we het verzetten naar dinsdag?" Tunaweza kuisogeza hadi Jumanne? Na ukichelewa hata dakika kumi, tuma ujumbe kabla ya saa yenyewe: "Ik ben tien minuten later." Nitachelewa dakika kumi. Maneno manne na namba moja. Mama yule angepata ujumbe kama huo asingekaa akitazama mlango.

Mkishakubaliana, mnaagana kwa kutaja siku: "Tot zaterdag!" Hadi Jumamosi! Ninalipenda sana hilo. Sisi tunaagana kwa kwaheri ya kuonana, wao wanaitaja siku yenyewe.

Sasa toeni simu zenu. Kila mmoja atafute jina la mtu aliyemwambia "kom een keer langs" mwaka huu. Bibi uliye mbele hapo, nakuona unatabasamu, unaye tayari. Andika: "Hoi, zullen we een keer koffie drinken? Wanneer kun je?" Habari, tunywe kahawa siku moja? Unaweza lini? Tutasubiri. Usitume kwanza, nisomee kwa sauti.