Rejista Ikijibu, Usiiamini Bado

Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta, Mtwara mjini

Shikamooni walimu wangu. Vijana, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie draiva, ile programu inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa. Nitashika upande mmoja tu: pale draiva inapokiamini kifaa kupita kiasi.

Tuanze na mizani, maana hapa kwetu msimu wa korosho ukifunguliwa kila mtu anaongea kilo. Mizani ya kielektroniki inatuma mstari wa herufi kwenye kompyuta kupitia waya, na nyingi zinatuma kitu kama hiki: ST,GS,+0081.5kg. ST maana yake uzito umetulia. Gunia likiwa bado linayumba inatuma US, likizidi uwezo wa mizani inatuma OL. Mtu anaandika programu, anachukua tarakimu, herufi mbili za mwanzo anazitupa. Ofisini anajaribu na jiwe la kupimia, analiweka taratibu, anasubiri, kila kitu safi. Ghalani makuli hawana muda huo. Gunia linabwagwa, namba inanyakuliwa likiwa bado linacheza, mkulima anaandikiwa kilo zisizokuwepo au anapunjwa zake. Na mizani ilikuwa imeshasema kwamba bado.

Ndani ya keneli, kiini cha mfumo endeshi, makosa ni yale yale, ila hapo inaanguka kompyuta nzima. Kifaa cha PCI Express, njia ya kuunganisha vifaa ndani ya kompyuta, kikifa au kikichomoka, anayesoma rejista yake, yaani kisanduku kidogo cha namba ndani ya kifaa, kwa kawaida anapata biti zote 1, yaani 0xFFFFFFFF. Na kuchomoka si jambo la ajabu; sisi tunaokaa na bahari tunajua chumvi inavyokula pini. Sasa tazameni mstari huu wa C:

while (readl(base + STATUS) & BUSY);

Maana yake: soma rejista ya hali tena na tena, ngoja mpaka biti ya BUSY, inayosema kifaa bado kina kazi, izimike. Biti zote ni 1, kwa hiyo haizimiki, na draiva inazunguka hapo hadi mtu azime umeme. Dawa yake ni kuweka ukomo wa kusubiri, na Linux ina readl_poll_timeout kwa kazi hiyo. Ukikuta biti zote 1 pale ambapo thamani hiyo haiwezekani, hesabu kifaa kimeondoka, rudisha -ENODEV, yaani kosa la kwamba kifaa hakipo. Mbaya kuliko kuganda ni pale namba ya kifaa inapotumika kuchagua nafasi kwenye safu. Safu ina nafasi 16, kifaa kinasema 4000, na draiva inaandika juu ya memori isiyo yake. Hapo ukiwa na bahati mashine inaanguka papo hapo. Usipokuwa nayo, inaendelea kufanya kazi huku data inaharibika.

Msidhani haya ni ya wanaojifunza. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, walitoa zana inayoitwa Carburizer, wakaipitisha kwenye draiva za Linux. Ikakuta karibu sehemu 1,000 ambazo draiva inaamini kifaa bila kukagua.

Kifaa kilichokufa angalau kinajulikana. Kinachonisumbua mimi ni kile kinachojibu vizuri. Vichakato vya AMD vina amri ya RDRAND ya kutoa namba nasibu, pamoja na alama ya kusema imefanikiwa. Ryzen 3000 zilipoingia sokoni mwaka 2019, RDRAND ilikuwa inainua alama ya mafanikio huku namba ikiwa ile ile kila mara, biti zote 1. Baadhi ya matoleo ya Linux yalishindwa kuwaka. AMD wakatengeneza marekebisho yaliyokuja na BIOS mpya, ile programu inayoiwasha kompyuta, na Linux mwaka huo huo ikaongeza jaribio: wakati wa kuwaka, RDRAND inasomwa mara kadhaa, na kama jibu halibadiliki onyo linaandikwa. Jaribio dogo sana, ila halitegemei neno la kichakato chenyewe.

Lakini kukagua kusigeuke kuadhibu. Oktoba 2014 draiva ya FTDI, kampuni inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa kwa USB, ilisambazwa kupitia Windows Update, na ilikuwa ikikutana na chipu bandia ya aina hiyo inaandika 0 kwenye namba yake ya utambulisho. Kifaa hakitambuliki tena, hata ukikihamishia kompyuta nyingine. Chipu hizi ndizo zimo kwenye nyaya za USB zinazounganisha mizani, na mnunuzi wa waya hana njia ya kujua kilichomo ndani. Kelele zilipozidi draiva ikaondolewa. Kwa maoni yangu, draiva ina haki ya kukataa kufanya kazi na ikaandika sababu kwenye dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa keneli. Kuharibu mali ya mtu haina.

Najua kuna atakayesema ukaguzi unapunguza kasi. Kusoma rejista moja kupitia PCI Express kunachukua mamia ya nanosekunde, kichakato kimekaa kinasubiri. Kulinganisha namba mbili baada ya hapo ni kama nanosekunde moja. Anayetafuta kasi apunguze kwanza mara anazosoma rejista. Haya, nimeona mkono kule nyuma. Karibu, uliza.